Aliyeleta Kiyoyozi Mbinga

Msichana wa Mbamba Bay akiolewa Mbinga huonywa mambo mawili, kilima na baridi. Kilima atakizoea, maana miguu haina hiari. Baridi ni kesi nyingine. Ziwa Nyasa liko kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari. Mbinga iko juu zaidi ya meta 1,000, na milima ya Umatengo huko nyuma yake inakaribia 2,000. Ukipanda zile kilometa 66 za lami kutoka ziwani mwezi wa Juni, unaondoka na kanga mabegani ya pambo, unafika umejifunika gubigubi. Kwetu ziwani mtu hulala barazani kutafuta upepo. Kwa mume wangu, bati tupu likipigwa na baridi ya usiku hutoa jasho kwa ndani, na saa kumi alfajiri tone moja linajikusanya taratibu kwenye msumari, linaning'inia, halafu linakudondokea sikioni.

Kwa hiyo kahawa ilipolipa vizuri na mume wangu akaamua kujenga nyumba mpya jirani na ile ya mama yake, sikuuliza habari za idadi ya vyumba wala rangi ya bati. Niliuliza joto litatoka wapi. Swali hilo ndilo lililougawa ukoo.

Nadhani lingejibiwa kimyakimya kama wifi yangu naye asingekuwa anajenga wakati huohuo. Wifi ni muuguzi Luleå, kaskazini mwa Sweden, mji ambao bahari yake huganda mpaka magari yanapita juu. Yeye na mumewe walitakiwa wachague: wajiunge na joto la mji, au wafunge pampu ya joto ya kwao wenyewe. Akalileta jambo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, akaomba maoni. Kundini mle, ukimtoa yeye, hakuna aliyewahi kuona theluji, na hakuna aliyekosa maoni.

Akatueleza kwa ujumbe wa sauti. Joto la mji ni maji ya moto yanayopita kwenye mabomba chini ya barabara, kutoka mtambo mmoja mpaka kila nyumba. Sweden waliyaanza mambo hayo mwaka 1948 katika mji wa Karlstad. Luleå wana bahati yao: pana kiwanda cha chuma cha SSAB, na gesi inayobaki kwenye matanuri yake ndiyo inayochomwa kupasha maji ya mji. Ndani ya nyumba huoni moto wala majivu. Kuna kisanduku ukutani ambamo maji ya mji yanayagawia joto maji ya nyumba bila kuchanganyika, na mita inayohesabu umechukua kiasi gani. Pampu ya joto, kwa upande wake, ni sanduku lenye feni linalokaa nje. Linafyonza joto lililomo kwenye hewa ya baridi na kulisukuma ndani. Ulipe uniti moja ya umeme, nalo litakupa joto la uniti kama tatu, ingawa baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri ukarimu huo unapungua.

"Joto gani hilo liko kwenye barafu?" aliuliza baba mdogo wa mume wangu.

"Baba mdogo, friji lako linafanya kazi hiyohiyo kila siku. Linatoa joto kwenye nyama, linalitupa nyuma. Kalishike mgongo."

Baada ya muda baba mdogo akarudi kundini: "Kweli, pana moto. Halafu nimekuta panya kazaa."

Pale ndipo mambo ya Luleå yalipohamia Mbinga. Baba mdogo, ambaye nyumba yake iko chini kidogo kwenye mteremko, akawa mtetezi wa mabomba. Moto wa jikoni kwa mama mkwe, alisema, unawashwa kabla jogoo wa pili hajawika na hauzimwi mpaka watu walale. Joto lote hilo linapaa na moshi. Liwekwe pipa juu yake, mabomba yashuke mpaka nyumba zetu tatu, nasi tutakuwa Luleå. Akaongeza kwamba hata Kenya, kule Naivasha, maua ya shamba la Oserian yamewahi kupashwa kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria. "Maua ya watu yanapata joto," alisema akininyooshea kidole, "mkwe wetu anatetemeka."

Mume wangu alisimama na pampu. Hoja yake ilikuwa ya kitaifa. Tangu mwaka 2018 umeme wa gridi umetufikia kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, tukaachana na majenereta ya dizeli. Sweden ilichangia fedha za njia ile, na wifi hachoki kutukumbusha kwamba kodi yake imo kwenye taa zetu. Isitoshe, mkakati wa nishati safi uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. "Sasa wewe baba mdogo, katika enzi hizi, unataka pipa juu ya kuni?"

"Wamesema kupika," alijibu baba mdogo. "Kuoga hawajasema."

Kulikuwa na mgombea wa tatu aliyeshindwa mapema. Mpwa mmoja, dereva wa lori, alikuja na kiroba cha makaa ya mawe, maana Ngaka, yanakochimbwa tangu 2011, iko wilayani kwetu humuhumu. Mama mkwe aliyaruhusu kwa chakula kimoja. Ugali ukanuka gereji, na kiroba kikatolewa nje siku ileile.

Mimi nilikuwa na hoja ndogo: tuweke dari, tuzibe zile nafasi kati ya ukuta na bati ambamo ndege wanaingia na kutoka bila kuinama. Nikajibiwa kwamba dari ni mapambo, yatakuja baadaye.

Mume wangu alitangulia kutenda. Alikuwa amegundua jambo ambalo, nikiri, lilikuwa la akili: viyoyozi vingi vinavyotundikwa kwenye kuta za Dar es Salaam vina rimoti yenye alama ya jua. Ukibonyeza jua, mashine inageuza mwendo, badala ya kutoa joto ndani inaliingiza. Hiyo ndiyo pampu ya joto ya wifi, imevaa jina la kiyoyozi. "Watu wa Dar wanayo ukutani," alisema, "na hawajui, kwa sababu ni mwendawazimu gani Dar atabonyeza jua?" Hoteli fulani ya pwani ilikuwa inauza vyake vilivyotumika. Binamu akanunua kimoja, cha BTU 12,000, akakifunga ndani ya godoro na kukipandisha basi. Nauli ya godoro ililipwa kama ya abiria.

Fundi friji alikuja kutoka Songea. Akatoboa ukuta mpya, akatundika sehemu ya ndani juu ya dirisha la sebule, akaweka sanduku la nje barazani, akaunganisha mirija ya shaba, akajaza gesi. Ukoo ukakusanyika. Mume wangu akashika rimoti kwa mikono miwili, akabonyeza jua.

Kijitaa kikapepesa. Upepo ukatoka. Tukasubiri.

"Kwanza inapumua," alisema fundi.

Tukaiachia ipumue. Mjomba akafunga vifungo vya koti. Mtoto wa mwisho akaniingia chini ya kanga. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mbele kabisa kwa heshima, akanyanyua shali akajifunika kichwa, akautazama mtambo kwa muda mrefu, kisha akasema: "Baridi tunayo hapa bure. Ninyi mkaifuata Dar kwa nauli?"

Kumbe jua lilikuwa kwenye rimoti tu. Rimoti ilikuwa ya mashine nyingine. Kiyoyozi kinachopasha kina vali ya kugeuza mwendo wa gesi. Kisicho nayo kinajua njia moja, kutoa joto ndani na kulitupa nje. Na mfanyabiashara wa pwani alipe vali ya nini? Wakati sisi tunaganda sebuleni, sanduku la barazani lilikuwa linapuliza hewa ya moto kuelekea shamba la kahawa. Kuku waligundua kabla yetu. Walikuwa wamejipanga mbele yake, wamefumba macho. Mama mkwe akachukua kigoda chake akaenda kukaa nao, na kesho yake akawa anaanikia maharage hapo.

Ndipo fundi alipotoa wazo lake. Kama sehemu ya nje ndiyo inayotoa moto, kwa nini isiletwe ndani, ya ndani ikapelekwa nje?

Niliomba wazo hilo lipelekwe kwa wifi, nikiamini litakufa kule. Wifi alicheka mpaka ujumbe wa sauti ukakatika, kisha akatuma wa pili: kisayansi fundi yuko sahihi. Mashine haijui ndani wala nje. Inajua tu huku inatoa, kule inatia.

Wakaigeuza. Na ubaya wake ni kwamba ilifanya kazi. Sebule ilipata joto la kweli, mume wangu akakaa mbele ya sanduku na fulana ya mikono mifupi katikati ya Julai akiwapigia simu waliomcheka. Waliomcheka hawakumsikia, kwa sababu feni ya sanduku lile ilitengenezwa kuunguruma nje, ikishindana na magari ya mjini. Taarifa ya habari tukawa tunaisoma midomoni mwa mtangazaji. Nje, ile sehemu ya hotelini, nyeupe na nyororo, ilikuwa inapuliza ubaridi usoni pa kila mgeni anayebisha hodi.

Kelele tungezizoea. Kilichoturudisha kwenye hesabu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mashine ile hula zaidi kidogo ya kilowati moja. Uiwashe kwa muda wa saa tano kila usiku, kwa mwezi imekula uniti zaidi ya 150. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, wadhibiti wa nishati, mwaka 2016, mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75. Akivuka hapo, kila uniti ni shilingi 350, kodi na tozo mbali. Nusu ya kwanza ya mwezi tulipashwa kwa bei ya maskini, nusu ya pili kwa bei ya tajiri. Mume wangu alikuwa anaingiza zile tarakimu 20 za LUKU gizani, akiziangazia kwa simu, midomo ikicheza taratibu, na ukimsemesha anakosea anaanza upya. Kisha usiku mmoja wa baridi kali umeme wenyewe ukakatika, na pampu ikatukumbusha kwamba nayo ina mwenye nyumba wake.

Baba mdogo hakusema kitu. Alileta pipa.

Kazi ya mabomba nayo ilikuwa na wahanga wake. Fundi wa kwanza alitumia bomba la plastiki la maji ya baridi, ambalo lilipoonja maji ya moto lililegea na kulala kwenye mtaro. Akaitwa mwingine, mzee aliyejifunza ufundi Peramiho, naye akafanya kazi ya kutazamwa. Pipa la lita 200 lilikaa juu ya mafiga, limejengewa matofali pande zote. Maji baridi yaliingia kwa chini kutoka kwenye tangi lililoinuliwa, ya moto yakatokea juu. Kipande cha kwanza kilikuwa bomba la chuma. Na kutoka kichwani mwa pipa alisimamisha mrija mrefu ulio wazi, ukapita juu ya paa. Mtoto alimwuliza ni wa nini. "Huo ndio pua yake," alisema mzee. "Ukiuziba, pipa linakuwa bomu."

Mtaro ulichimbwa kwa muda mfupi sana, maana Wamatengo, wenyeji wa huku, wanaochimba ngolo, mashimo ya kulimia, kwenye miteremko ya milima hawashindwi na mtaro. Baba mdogo alisisitiza ufundi wa ngolo utumike mpaka mwisho: nyasi zikalazwa chini, bomba likawekwa, likafunikwa kwa maganda makavu ya kahawa, kisha udongo. Nyasi na maganda, alisema, ndilo blanketi la bomba. Mama mkwe, ambaye haachi udongo uliotifuliwa ukae bure, akapanda maharage juu yake na kuyanyweshea maji ya kuogea.

Maji yalikuja. Kwa mama mkwe yalichoma. Kwetu yalikuwa ya moto wa kutosha kuoga ukiimba. Kwa baba mdogo, mwisho wa mteremko, mpiga debe mkuu wa mabomba, yalifika ya kuogeshea kichanga. Alitafuta kosa kila mahali mpaka maharage yakamwonyesha: sehemu mbili za mtaro miche ilikuwa imetangulia yote, majani mapana, kwa sababu hapo maganda yalikuwa machache na udongo ulikuwa unaota moto. Wifi akasema kwao ni hivyohivyo, mahali theluji inapoyeyuka yenyewe barabarani ndipo wanapojua bomba linavuja joto. Baba mdogo akachimbua, akaongeza maganda, akapata nyuzi mbili tatu za kujivunia.

Bomba lilipita sebuleni kwetu nyuma ya benchi kabla ya kwenda bafuni, kwa hiyo benchi lilipata joto kila mtu alipooga. Mgeni wetu akawa haulizwi kama atakunywa chai. Anaulizwa kama ameoga.

Lakini joto la pamoja lina mwenyewe. Mama mkwe alikaa jikoni akilisikiliza pipa, na kwa mlio wa maji yanayoingia alijua nani anaoga, tangu lini, na kama ana sababu. Luleå mita hutuma ankara mwisho wa mwezi. Mita yetu ilitangaza hapohapo, kwa sauti, uani. Kila nyumba ilitakiwa kuleta kuni, mikaratusi au matawi ya mibuni iliyopogolewa, na mzigo wa kila mtu ulipimwa kwa jicho lake. "Shemeji," alimwambia baba mdogo mbele za watu, "wewe unaleta vijiti vya mswaki unaoga mto."

Kisha dada yake akafiwa huko Litembo, mama mkwe akaenda matangani, na matanga yakafuatwa na ugonjwa wa huyo dada. Moto ukazimika. Nyumba tatu za watu wazima, wenye viberiti, zikakaa na maji baridi siku kadhaa, kila moja ikisubiri nyingine itoe kuni zake kwanza. Usiku wa pili kijana mmoja alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani kwake na kufunga mlango. Hapo tu hapakuwa na mzaha. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta husinzia, na hakuna kinachomwamsha. Mume wangu alilitoa jiko uani likiwa linawaka, akasimama nalo mpaka likawa majivu.

Wiki ileile wifi naye alikuwa na habari. Mwaka 2024 SSAB ilitangaza kwamba itaachana na tanuri la makaa na kujenga kiwanda kipya cha tanuri za umeme. Kwa hewa ya dunia ni neema, lakini gesi iliyokuwa inapasha mji itakwisha, na mji utafute moto kwingine. Sasa je, ajiunge na mabomba ambayo mpishi wake anaondoka, au achukue pampu abaki na yake?

Kwa mara ya kwanza kundi la ukoo lilikuwa na la kusema. Sisi tulikuwa tumeyaonja yote mawili. Pampu haikuombi kuni wala haikuchungulii ukioga, ila inakufunga kwa waya mmoja, na waya huo ukilala nawe unalala baridi peke yako. Mabomba yanakufunga kwa watu. Ni rahisi, ni matamu, mpaka siku mwenye moto akisafiri. Hakuna joto lisilo na mtu wa kumtegemea; unachagua tu ni nani. Na kabla ya kumchagua, nilimwandikia wifi kwa herufi kubwa, weka dari.

Kwetu iliwekwa hatimaye, kwa fedha za kiyoyozi. Kaka yangu ana nyumba ya wageni ziwani, akakinunua bila kuuliza habari ya vali, akakigeuza kikae kama kilivyozaliwa. Tulipopiga dari ya mbao na kuziba njia ya ndege, sebule ilianza kukaa na joto la benchi mpaka usiku wa manane, na msumari wangu haukupata tena wa kumdondokea.

Mama mkwe aliporudi alikuta baba mdogo amepiga mistari kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko: zamu za kuwasha, kila nyumba na siku zake, na chini yake idadi ya mizigo ya kuni. Jina lake baba mdogo lilikuwa la kwanza, na lilikuwa limepigiwa alama kuliko yote. Aliusoma ukuta wote, akaongeza siku moja kwa mume wangu, kisha akaomba simu ili naye atoe maoni yake kuhusu Luleå, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Mwanangu," alisema akiwa ameishika simu mbali na mdomo, "acha habari za bei. Waulize hao, asubuhi anawasha nani?"

Jibu lilikuja jioni. Wifi amechagua mabomba. Kiwanda kikiondoka, alisema, si yeye atakayehangaika na kuni. Anayewasha ni manispaa, na manispaa haiwezi kuacha mji mzima ugande.

Mama mkwe akafikiri, akabonyeza tena.

"Na hiyo manispaa, haina dada?"